Kazi ya Mwamba na Majira Yake katika Kisiwa cha Unguja

Kisiwa cha Unguja kimegawanyika sehemu mbili kwa jinsi ya ardhi yake, na kila mwenyeji aijua tofauti hiyo hata kama hakusoma elimu ya miamba. Upande wa magharibi, kwenye mikarafuu na minazi, udongo una kina, na wenyeji wauita kwa majina yaliyo wazi: kichanga, kinongo, kinamo. Upande wa mashariki na kusini ni maweni na uwanda, nchi ya mwamba wa matumbawe uliofunikwa kwa udongo haba, ambako mkulima hupanda muhogo wake katika vishimo baina ya mawe. Mwamba huo zamani ulikuwa chini ya bahari. Bahari ilipopungua ukabaki juu, na mvua ya maelfu ya miaka ikauyeyusha kidogo kidogo, hata ukawa na matundu, nyufa na mapango. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, latosha kuwa ushahidi. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta humo alama za watu waliokaa maelfu ya miaka kabla ya kujengwa mji wo wote wa pwani.

Ni mwamba usioaminika. Mahali pamoja mtaimbo hulia kama uliopiga chuma. Hatua mbili kando mtaimbo huo huo huzama. Juu kuna gamba gumu, chini ya gamba jiwe ni laini na lina vinyweleo, na chini zaidi kuna maji, nayo yapanda na kushuka. Juu ya mwamba wa namna hiyo, na kwa mawe ya mwamba huo huo, ulijengwa Mji Mkongwe wa Unguja, wenye majumba ya ghorofa mbili, tatu na hata nne. Na ndani yake vikachimbwa visima, misingi, mifereji na vyumba vya chini ya ardhi.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa na hesabu za wahandisi, wala kwa muda mrefu hawakuwa na chuma au saruji. Walichokuwa nacho ni elimu ya muda. Udhaifu wa jiwe waliufidia kwa utaratibu wa kazi: lipi litangulie, lipi lingoje, na lingoje kwa siku ngapi. Wachimbaji wa migodi wanayo kanuni iliyo karibu sana na hiyo. Penye ardhi dhaifu hawachimbi chumba kipana. Huchimba vyumba vyembamba, huacha nguzo za mwamba katikati, wala hawagusi chumba cha jirani mpaka kile cha kwanza kimejazwa na kujaza huko kumekauka. Katika mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, kusini ya Ziwa Viktoria, ulioanza kutoa dhahabu mwaka wa 2001, mabaki ya mawe yaliyosagwa hufanywa uji mzito pamoja na saruji, kisha yarudishwa chini kujaza mianya iliyochimbwa. Na mwenye kupanga kazi huhesabu siku za kukauka kama ahesabuvyo siku za kuchimba. Unguja haina dhahabu. Lakini fundi wake wa mawe alikuwa na kalenda ya namna hiyo kichwani mwake, na historia ya mji yaweza kusomwa kama historia ya kalenda hiyo: jinsi ilivyofuatwa, na jinsi ilivyoachwa.

Lugha yenyewe yaonyesha kwamba kazi hii ilihesabiwa kuwa mbali na ujenzi mwingine. Nyumba ya miti na udongo hujengwa. Lakini kwa nyumba ya mawe na chokaa Kiswahili kilikuwa na tendo lake, kuaka, na mtu wake, mwashi. Tendo limekwisha kusahauliwa na wengi, mtu angali akitajwa.

Mwashi alitumia mawe ya namna mbili, na kila moja lilikuwa na wakati wake. La kwanza ni jiwe la nchi kavu, livunjwalo katika machimbo kwa sululu na mtaimbo. Jiwe hili halikubali kuchongwa vizuri. Hutoka vipande vipande, vyenye pembe na matundu, nalo latumika kwa kujaza unene wa ukuta. La pili ni tumbawe lililo hai, likatwalo baharini. Hilo likiwa bado na maji ndani yake ni laini, na tezo hulichonga karibu kama mti; likikaa juani hugeuka kuwa gumu. Basi kazi yake ilitegemea bahari. Wakataji walitoka wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapotoka mbali na miamba ya pwani kubaki wazi. Siku za maji mafu hapakuwa na la kukata. Na aliyetaka kuchonga nakshi hakuweza kuliacha jiwe ovyo mpaka apate nafasi, maana kila siku ya jua ilimwongezea taabu. Lakini jiwe lililochongwa na la kawaida yote mawili, yakiwa yametoka baharini, yalipaswa kungoja tena kabla ya kuingia ukutani, ili mvua iyaoshe chumvi. Jiwe lenye chumvi huvuta unyevu, na unyevu huimenya lipu mwaka baada ya mwaka.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani unaonyesha kazi hiyo ilivyokuwa imekamilika zamani. Maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe kwenye kibla chake yataja mwaka wa 500 wa Hijra, yaani mwaka wa 1107. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya kumi na nane, lakini maandishi yale yamesalia, na makali ya herufi zake hayakutokea kwa mkono uliochonga jiwe kavu.

Chokaa ilidai subira kubwa zaidi. Tanuu ya chokaa, neno litokanalo na Kiarabu, haikuwa lazima iwe jengo. Magogo yalipangwa kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, na katikati likaachwa tundu la kutilia moto. Juu ya magogo yakarundikwa matumbawe yaliyovunjwa vipande vidogo. Moto ulitiwa upepo ukiwa mzuri, na rundo likaungua mpaka magogo yakawa majivu na matumbawe yakashuka chini, meupe. Hapo mtu asiyejua angedhani kazi imekwisha. Chokaa iliyotoka motoni ilikuwa bado haifai. Ililoweshwa au kuachiwa mvua na umande, ikafunikwa, ikakaa. Mafundi wenye sifa waliiacha kwa miezi. Kisha ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ikaingia ukutani, na hata humo ikaendelea na safari yake, kwa kuwa chokaa haigandi upesi kama saruji. Hupata nguvu kwa hewa, kutoka nje kwenda ndani, na ukuta wenye unene wa dhiraa moja na zaidi hauwezi kukauka ndani kwa wiki chache.

Kutokana na jambo hilo moja yafuata karibu mambo yote ya umbo la Mji Mkongwe. Ukuta mbichi ukipandishwa upesi huelemewa na uzito wake wenyewe, ukatoka tumbo. Kwa hiyo ulipandishwa kwa vipande, kila kipande kikingoja cha chini kishike. Nyumba nyingi hazikujengwa mara moja. Baba alifanya ghorofa ya chini, na mwana akaongeza ya juu baada ya miaka mingi, msingi ukiwa umekwisha kukaa mahali pake. Tena mvua ya masika ilikuwa mpaka usiorukwa. Ukuta ulioachwa wazi juu wakati wa masika hunywa maji kama sifongo, na maji yakiingia katikati, penye vifusi na udongo, ukuta hupasuka baadaye jua likiwa kali na watu wamekwisha kusahau mvua.

Kisha kuna boriti. Paa la bapa na dari ya kila ghorofa vilikaa juu ya boriti za mikoko, nyingi zikitoka katika delta ya Rufiji, zikaja kwa majahazi. Shehena nyingine za boriti hizo hizo zilipita hata Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaipendi, lakini urefu wake una kikomo. Ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe, hata vya matajiri, ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita tatu au chini ya hapo. Mgeni hudhani wenyewe walipenda vyumba kama ushoroba. Wenyewe walijua kwamba chumba kipana kuliko boriti ni chumba kisicho na dari. Kwa namna hii mti wa Rufiji uliwawekea waashi wa Unguja sheria ile ile ambayo mwamba dhaifu huwawekea wachimbaji wa migodi: usifungue nafasi kubwa kuliko uwezo wa kitu kinachoibeba.

Juu ya boriti zilipangwa pau na vipande vya mawe, na juu yake zege ya chokaa, ikapondwa kwa vijiti kwa siku kadhaa, wapondaji wamekaa safu na nyimbo zikiongoza mapigo. Kupigwa huko kulitoa maji na hewa, kukafanya sakafu isipitishe mvua. Neno sakafu lenyewe lina jambo la kutazamwa. Kwa Waarabu saqf ni paa. Katika Kiswahili limekuwa jina la mahali pa kukanyaga. Haikuwa makosa. Katika nyumba ya ghorofa paa la wa chini ndilo uwanja wa wa juu, na katika nyumba ambayo ghorofa ya pili yangojewa miaka, kitu kile kile huwa paa leo na sakafu kesho.

Nyimbo zile zisifanye kazi ionekane nyepesi. Katika karne ya kumi na tisa, waliovunja mawe, waliochukua vikapu vya mawe na mchanga kichwani, waliochoma chokaa na kuponda sakafu, wengi wao walikuwa watumwa, wanawake na wanaume. Wengine bwana wao aliwakodisha kwa wajenzi kwa ujira wa siku, na ujira, au sehemu yake kubwa, ukarudi kwake. Neno kibarua lina asili yake hapo: ni ile barua ndogo, cheti alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku. Subira ya chokaa ilikuwa rahisi kwa tajiri, kwa sababu siku za watu walioingoja hazikuwa zao wenyewe.

Kazi ya kwenda chini ilikuwa na hatari zake. Maji ya kunywa ya Unguja ni maji ya mvua yaliyopenya katika mwamba na kukaa juu ya maji ya chumvi, maana maji matamu ni mepesi. Mchimba kisima katika nchi ya matumbawe huwa na nafasi ndogo: akikoma mapema hapati kitu, akizidi hutokea maji ya bahari, na kisima kikiharibika hivyo hakiponi upesi. Kwa hiyo wakati ufaao kuchimba ni mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka. Aliyechimba wakati wa masika alidanganywa na maji yaliyo juu, na kisima chake kikakauka walipokihitaji wenyewe.

Mjini palikuwa na msiba mwingine. Mwamba wenye vinyweleo haukuchagua la kupitisha. Maji ya vyoo na maji ya visima yalikutana ndani yake bila mtu kuona. Kipindupindu cha mwaka wa 1869 hadi 1870 kiliua watu wengi sana katika mji, na tabibu James Christie, aliyekuwako wakati huo na akatoa kitabu juu ya maradhi hayo mwaka wa 1876, aliyafuatia maji katika uchunguzi wake. Ardhi dhaifu kwa kawaida huogopwa kwa sababu ya kuanguka kwake. Katika Mji Mkongwe yawezekana kwamba iliua watu wengi zaidi bila ya kuanguka jiwe hata moja.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote wa kazi ya chini ya ardhi upo Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji. Huko kuna vitu viwili ambavyo wageni huvichanganya. Cha kwanza ni pango la asili lenye maji matamu. Husimuliwa kwamba lilivumbuliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea. Cha pili, kando ya bahari, ni chumba kilichochimbwa kwa mikono ya watu, na husemwa kuwa kilikuwa cha Muhammad bin Nasor al-Alwi. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la mjini likafungwa. Biashara haikufa siku ile, ilijificha. Chumba cha Mangapwani kilitengenezwa baada ya hapo, karibu na mwaka wa 1880, ili watu wafichwe humo mpaka chombo cha kuwachukua kifike usiku.

Yafaa kuangalia jinsi kilivyofanywa. Waliokichimba hawakujaribu kuingia ubavuni mwa mwamba na kuacha jiwe lenyewe liwe dari, kama wafanyavyo wachimbaji penye mwamba imara. Walikata shimo la pembe nne kutoka juu, wakashuka nalo mpaka kina walichokitaka, wakakigawa, kisha wakaaka paa juu yake, paa likalingana karibu na uso wa ardhi. Njia nyembamba iliyokatwa katika mwamba yaelekea pwani. Hakika ni kazi ya watu walioujua mwamba wao. Kuta za jiwe zaweza kusimama, kwa kuwa zabanwa na ardhi pande zote. Dari ya jiwe hilo isingeaminika. Kwa hiyo walimwachia mwamba kazi ya ukuta na kumpa mwashi kazi ya dari, na utaratibu wa kazi ukawa fungua, shuka, funika. Ni utaratibu huo huo wa kisima na birika, uliozoeleka kisiwani kote. Jambo jipya lilikuwa watu waliotiwa ndani. Chumba kingali kizima mpaka leo, na anayeshuka vidato vyake hupata fahamu ya joto na giza ambayo hakuna hati ya mkataba inayoitoa.

Vyumba vingine viwili vya chini, karibu na kanisa kuu la Waanglikana mjini, huonyeshwa pia kuwa mahali pa kufungia watumwa. Hapo ushahidi hauna nguvu kama wa Mangapwani. Jengo lililo juu yake ni la misheni, la baada ya soko kufungwa, na baadhi ya wachunguzi wameona kwamba vilikuwa ghala. Ukubwa wa dhuluma iliyofanyika mahali pale hauhitaji kuongezewa kitu. Soko lenyewe lilikuwako, mahali pale pale lilipojengwa kanisa.

Kanisa hilo lilianzishwa mwaka wa 1873, na mjenzi wake mkuu alikuwa Askofu Edward Steere, yule yule aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1870 na kukusanya hadithi za Unguja. Steere alikataa sheria ya boriti. Alitaka ukumbi mpana usio na nguzo katikati, akaufunika kwa kuba refu la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Watu wengi waliamini kwamba litaanguka. Halikuanguka, na Steere alipofariki mwaka wa 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu, chini ya paa lake. Kuba lina faida ambayo dari ya bapa haina: uzito wake huubana mchanganyiko badala ya kuuvuta, na matumbawe na chokaa huvumilia kubanwa, hayavumilii kuvutwa. Mahamamu ya Kidichi, yaliyojengwa mwaka wa 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, yalikuwa yamekwisha kuonyesha jambo hilo kisiwani kwa makuba yake madogo.

Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, alikuwa ameona mambo mengine. Katika ujana wake alipelekwa uhamishoni Bombay, akaona mji unaojengwa kwa chuma na wenye maji ya bomba. Aliporithi ufalme alikuta kipindupindu kimetoka kuua watu, na tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ikaangusha mikarafuu ya Unguja. Hakukata tamaa, alijenga kama mtu ashindanaye na siku. Maji matamu aliyaleta mjini kwa mfereji kutoka chemchemi ya Bububu, na kwa kazi hiyo moja aliuokoa mji na visima vyake vilivyochafuka. Labda hakuna jengo lake lililofaa watu zaidi kuliko mfereji ule, ingawa wageni hawaupigi picha.

Wanalolipiga picha ni Beit el Ajaib, lililokamilika mwaka wa 1883. Husemwa kwamba lilichorwa na mhandisi wa meli wa Kiingereza, na umbo lake lakubaliana na habari hiyo. Nguzo nyembamba za chuma cha kusubu zimezunguka nje, zikichukua baraza pana ghorofa juu ya ghorofa. Ndani mawe ya matumbawe, zege, boriti za mikoko na mihimili ya chuma vimetumiwa pamoja. Chuma kilimwezesha mjenzi kuvuka mpaka wa boriti, vyumba vikawa na upana na kimo ambavyo mji haukuwa umeviona. Lakini kila kimoja katika vitu hivyo kina mwendo wake. Chokaa hupumua na kukauka polepole. Boriti hukubali kupinda kidogo na kubaki. Chuma katika hewa ya bahari hupata kutu, na kutu huvimba, ikalipasua jiwe lililokishika chuma. Nyumba ya zamani ilikuwa na saa moja ndani yake, nayo ni ya chokaa. Beit el Ajaib ilikuwa na saa tatu, zisizokwenda pamoja.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mzinga uwanja wa majumba ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Beit el Hukum lilivunjika, na mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika. Beit el Ajaib likasimama. Katika matengenezo ya mwaka wa 1897 mnara mpya wenye saa uliunganishwa na uso wa jengo hilo. Kwa macho ulikuwa pambo zuri, na mji ukauzoea hata ukawa alama yake. Lakini uzito mpya ulioungwa na ukuta uliokwisha kukaa miaka kumi na minne si uzito mmoja na ule wa kwanza. Kila upande hukaa chini kwa kipimo chake, na penye kiungo ndipo maji yatafutapo njia.

Baada ya hapo jengo lilikuwa ofisi za serikali katika zama za Waingereza, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumika kwa kazi nyingine mpaka likawa makumbusho. Majumba mengi ya mji, wenyewe wakiwa wameondoka, yaligawiwa wapangaji wengi. Na nyumba ya chokaa yenye wapangaji kumi mara nyingi haina mtu wa kupanda juu kabla ya masika kuziba ufa wa paa. Kazi hiyo ndogo ya kila mwaka, chokaa kidogo na kibarua wa siku mbili, ndiyo iliyozisimamisha nyumba zile kwa karne nzima. Ilipokatika, ukaja mtindo wa kuziba kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika. Hufunga unyevu ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake, na siku moja lipu yote hutoka pamoja na uso wa jiwe. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka wa 1985, na mwaka wa 2000 mji ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini orodha haizibi paa.

Mwaka wa 2012 sehemu ya baraza ya Beit el Ajaib ilianguka, na makumbusho yakafungwa. Matengenezo makubwa yalikuja baadaye kwa msaada wa Omani. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ilibomoka, na wafanyakazi wawili wakafa chini ya kifusi.

Kwa mwashi wa zamani, kulitengeneza jengo bovu kulikuwa hatari kuliko kulijenga, kwa sababu humo mpangilio wa kazi hurudi nyuma. Ukuta uliozoea mzigo fulani, ukiondolewa mzigo huo au ukiondolewa jirani aliyeuegemeza, huanza kutafuta makao mapya. Mchimbaji wa mgodi anayetoa nguzo ya mwamba iliyoachwa zamani hukabiliana na jambo lilo hilo, naye huweka tegemeo kwanza, huondoa kidogo, hungoja, hupima, ndipo huondoa tena. Muda huo wa kungoja hauandikiki kwa urahisi katika mkataba wenye tarehe ya kukabidhi, wala fedha ya mwaka mmoja haipendi kulala mpaka mwaka wa pili ili chokaa ishike.

Tena vitu vyenyewe vimekuwa adimu. Kukata mikoko kumewekewa sheria, na mwenye kutaka boriti nzuri hazipati kama zilivyopatikana zamani, majahazi yalipojaa bandarini. Tumbawe lililo hai haliwezi kukatwa tena bila kuiharibu bahari ambayo wavuvi wa kisiwa waitegemea. Chokaa ingali ikichomwa na mawe yangali yakivunjwa mashambani, pengine na akina mama wakaao chini ya vivuli vya makuti, wakiponda kokoto kwa nyundo kwa ajili ya majengo ya saruji. Katika mji, mwenye nyumba aliyepata fedha za paa mwezi wa Januari huwaona mafundi wa namna mbili. Mmoja humwambia kwamba atamaliza kabla ya masika. Mwingine humwuliza kwanza chokaa yake imechomwa lini.